Bibi Niliyemkata Maneno

Wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kuona vitu. Mwaka ule watu walipokuwa wanalala nje kwa kuogopa popobawa, lile jini linalovamia watu vitandani, mimi nililala kitandani kwangu Manzese, mlango nimeurudishia tu, na jirani zangu wakanilalamikia asubuhi kwamba nakoroma. Tena kazi yangu ilikuwa usekretari. Sekretari huandika yaliyosemwa, hatii chumvi. Ukitia chumvi kwenye muhtasari wa kikao, bosi anakuonyesha mlango. Basi haya ninayokusimulia yapokee kama muhtasari. Yalinitokea mimi, mchana kweupe, na anayetaka kunibishia nipo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila kitu kilikuwa kinaingia nchini wakati ule, na bosi wangu alikuwa mmoja wa waingizaji. Ofisi yetu ilikuwa Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, tukiagiza vipuri vya mabasi. Alinunua kompyuta, akavuta mtandao wa kupitia waya wa simu, ule ambao ukitaka kuingia kompyuta inapiga kelele kwanza kana kwamba kuna mtu anachinja jogoo ndani ya boksi. Halafu akaleta kamera ya dijitali. Usifikirie hizi za kwenye simu. Ile ilikuwa nene kama tofali, na badala ya filamu unaiingiza diski, zile bapa za mraba tulizokuwa tunahifadhia barua. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kipuri kilichovunjika ili tuitume kwa wauzaji huko nje wajue tunataka nini. Mpiga picha nikawa mimi. Nimepiga giaboksi mpaka nikaziota.

Sasa mtu huwezi kupiga giaboksi maisha yako yote. Siku moja nikamwomba bosi niazime kamera Jumamosi.

"Ukiivunja utanilipa mpaka wajukuu zako," akasema. Lakini akanipa.

Nikaanza kupiga watu wa Manzese: mafundi viatu, wauza mitumba, watoto wanaoga kwenye karai. Na huko kwenye mtandao nikagundua kuna baraza la watu wanaojifunza kupiga picha. Unaweka picha yako, watu wa dunia nzima wanaitazama na kukwambia umekosea wapi. Wakati huo kupandisha picha moja ungeweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe. Nilikuwa nabaki ofisini baada ya saa za kazi, bosi ameniruhusu, naandika kwa kile Kiingereza changu cha chuo cha uhazili: mimi ni mwanafunzi, naombeni maoni yenu.

Maoni nikayapata. Kulikuwa na bwana mmoja wa Uskochi aliyejipa jina ambalo kwa Kiswahili ningesema Jicho Kali. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, mwenyewe alisema, lakini picha alikuwa anazijua. Hakuwa na huruma. "Mbona mtu wako ameota nguzo kichwani?" "Mbuzi huyu anafanya nini hapa?" Na dawa yake kwa kila ugonjwa ilikuwa moja: kata. Kata kushoto. Kata juu. Mbuzi mkate. Kompyuta ilikuwa na uwezo huo, unachora mstari kwa kipanya, unabonyeza, kilichobaki nje ya mstari kinapotea. Nikajifunza kukata. Kila nilipokata akanisifu, na mimi nikisifiwa, mwenzangu, sisikii la mwadhini wala la mnadi swala. Nikawa naongea na watu huku nawakata kwa macho.

Ndipo Jumamosi moja nikaenda Vingunguti.

Nilifuata ng'ombe. Nilitaka picha ya watu wa machinjioni wanapotoka kazini na mabuti yao. Nikazipiga tatu, hazikunipendeza, nikaamua kukatiza uchochoroni nirudi barabarani. Saa kumi alasiri hivi, jua bado kali. Mbele ya nyumba moja ya Kiswahili yenye ukuta wa rangi ya ugoro alikuwa amekaa bibi juu ya kigoda. Mtu mzima, mwembamba, amejifunga khanga moja kiunoni na nyingine ameitanda kichwani, mpya kabisa. Hata kupindwa zilikuwa hazijapindwa, nyuzi zinaning'inia, na nilisikia kwa pua ile harufu ya khanga iliyotoka dukani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho ulichobeba ni chombo cha picha?"

"Ndiyo bibi."

"Picha zako zinakwenda wapi?"

Hapo ndipo majivuno yangu yalipojibu kabla yangu. Nikamwambia picha zangu hazikai kwenye albamu, zinakwenda dunia nzima. Leo naipiga Vingunguti, Jumatatu mtu wa Ulaya anaitazama.

"Mpaka Ulaya?" akauliza. "Kwenye baridi?"

"Hukohuko kwenye baridi."

Halafu akaishika khanga ya kiunoni kwa mikono miwili, akaiinua na kuitandaza juu ya magoti, ule upande wa maandishi ukanielekea mimi.

"Basi nipige," akasema. "Nipige nzima. Usiniache hata kidogo."

Nikampiga. Na hapa nataka nikuambie vitu viwili nilivyoviona ila sikuviwekea maanani. Cha kwanza, Vingunguti ya machinjioni unaijua kwa nzi. Mimi nilikuwa nawapunga mpaka mkono unaniuma. Yule bibi hakuwa na nzi hata mmoja, wala hakupunga. Cha pili, nilimuuliza mbona hakai ndani jua lote lile, na akanijibu, "Humo ndani sijakaribishwa." Nikadhani ni mambo ya wakwe. Nikaaga, nikaenda zangu.

Na yale maneno ya kwenye khanga? Niliyatazama, sikuyasoma. Unaweza kuamini? Mimi, mwanamke, niliyebebwa kwa khanga na kuvunja ungo kwa khanga, ninayejua kabisa kwamba mwanamke wa pwani akitaka kukwambia jambo zito hakwambii, anavaa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ukuta, usije ukapinda kwenye picha.

Jumatatu nikaipandisha. Baraza zima likaamka. Jicho Kali mwenyewe, kwa mara ya kwanza, aliandika aya tatu. Uso ule, alisema, sijawahi kuona uso kama ule kwa mtu anayejifunza. "Lakini hicho kitambaa chenye maandishi kinaliiba jicho. Mikono nayo. Kata chini yote, ubakize uso. Hapo utakuwa na picha."

Nikachora mstari chini ya kidevu, umenyooka sawasawa. Nikabonyeza.

Nyuma yangu nikasikia kitambaa kinachanwa. Sauti ndefu, kama muuza duka anapokuchania jora. Nikageuka. Pazia la bosi lilikuwa zima, na ofisini nilikuwa peke yangu. Nikasema ni mtu wa ghorofa ya chini, nikaendelea na kazi. Diski zilikuwa za kubana, kwa hiyo ile picha iliyokatwa nikaihifadhi juu ya ile nzima. Kwenye mtandao pia nikaiondoa ya kwanza, nikaweka ya pili. Pongezi zikamiminika. Nilirudi Manzese siku ile natembea kama nimechaguliwa diwani.

Siku kumi baadaye, siku ya Alhamisi, nikafungua baraza na kukuta ujumbe wa Jicho Kali ambao haukuhusu picha. Aliandika kwamba kiwandani kwao kuna mwenzake anayetoka Dar es Salaam, mtu mkimya, wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Alimwita aitazame ile picha, wafurahi, amwone mtu wa kwao. "Amekaa chini sakafuni," aliandika. "Anasema huyu ni mama yake. Ameniomba aandike yeye."

Na chini yake kulikuwa na Kiswahili.

"Dada, mimi naitwa Sefu. Huyo ni mama yangu Bi Zuhura, wa Vingunguti. Nilizamia meli miaka kumi na miwili iliyopita, wiki ambayo baba alikuwa kitandani hajiwezi. Sikumuaga mtu. Baba alikufa nikiwa baharini. Tangu hapo sijaandika barua, maana sikujua naanza na neno gani. Mama yangu alikuwa akikasirika hasemi. Anavaa khanga. Akisamehe hasemi pia, anavaa khanga. Kwenye picha naona kona ya pindo kando ya shavu, najua anaonyesha. Mbona umekata? Dada yangu, nakuomba kwa Mungu, nitazamie. Mama ameandika nini?"

Niliisoma mara nne. Nikaitoa diski, nikaipekua yote, nikijua kabisa nilichofanya. Nikamuuliza Jicho Kali kama aliihifadhi ile ya kwanza. Hakuihifadhi. Nikawauliza wote barazani. Hakuna aliyeihifadhi, nani ahifadhi picha mbovu wakati nzuri ipo? Usiku ule Manzese sikukoroma. Unajua radhi ya mama ni kitu gani kwa mtu wa huku. Mtu anaweza kukosa kila kitu akaishi, lakini asiyejua kama mama yake amemsamehe hakai, hata akikaa Ulaya. Na jibu lake nilikuwa nalo mimi, mkononi, nikalitupa ili nisifiwe.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kulia. Nikajiambia, bibi yupo, khanga ipo, kamera ipo. Nikachapa ile picha kwa printa ya ofisini, nikamwandikia Sefu avute subira, na Jumamosi nikaenda Vingunguti.

Ukuta wa ugoro niliupata bila shida. Kigoda hakikuwepo. Nikapiga hodi. Akatoka mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, mikono ina unga.

"Karibu."

"Ahsante. Samahani dada, namuulizia Bi Zuhura."

Akanitazama, akajifuta mikono polepole. "Wewe ni nani yake?"

"Nilimpiga picha hapa nje. Jumamosi mbili zilizopita."

"Umekosea nyumba, dada'angu. Mama ametangulia mbele ya haki. Leo siku ya thelathini na nane. Kesho kutwa ndio arobaini yake, hapa ndo tunaandaa andaa."

Sasa nisikilize vizuri. Mimi najua kuhesabu. Jumamosi mbili nyuma ni siku kumi na nne. Toa kumi na nne kwenye thelathini na nane. Nilihesabu pale mlangoni mara mbili, na mara zote mbili nilipata kwamba nilimpiga picha mtu aliyekwisha kuwa kaburini siku ishirini na nne. Nikamnyooshea ile karatasi.

Aliishika. Akasema "Innalillahi," akakaa kizingitini palepale na unga wake. Jina lake Mwanahawa, mtoto mkubwa wa marehemu, dada yake Sefu.

"Mama hajapigwa picha maisha yake yote," akasema. "Hata ya kitambulisho hana. Alikuwa anakataa. Wewe hii umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, sikuficha hata la Jicho Kali. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Badala yake alikasirika, na sikukasirikiwa mimi.

"Yaani mie," akasema, "mie niliyekaa na mama mpaka pumzi ya mwisho, nikamwogesha kwa mikono yangu hii, mie hajanitokea hata ndotoni. Anamtokea mtu baki, kisa Sefu! Miaka kumi na miwili Sefu, Sefu. Mtu hata barua hana!" Ndipo akalia.

Nilikaa naye kizingitini mpaka akamaliza. Nilimwonea huruma kweli. Kisha nikamuuliza habari ya khanga.

Akafuta pua. Akasema ipo. Mwaka mmoja kabla ya kufa, mama yake alizunguka Kariakoo siku nzima, duka kwa duka, akiwaomba wauzaji wamsomee maneno, maana yeye mwenyewe alikuwa hajui kusoma. Akarudi na doti moja ndani ya gazeti. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua. "Alisema hii ya Sefu, siku akirudi ataniona nimeivaa, atajua. Akaitia sandukuni. Ufunguo nimeuvua mwenyewe kiunoni mwake siku aliyofariki, na huu hapa ninao mimi."

"Tuifungue," nikasema. "Tusome, nimwandikie."

Alisita. Arobaini ilikuwa haijafika, na vitu vya marehemu vilikuwa havijagawanywa. Lakini akanitazama, akaitazama picha, akaniongoza chumbani. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, la bati, lenye maua. Akafungua. Doti ilikuwa juu kabisa ndani ya gazeti lake. Akaikunjua juu ya kitanda.

Ilikuwa ileile niliyoiona mimi. Haijapindwa, nyuzi zinaning'inia, vipande vyote viwili bado vimeshikana, haijavaliwa na mtu. Na maandishi hayakuwepo. Hayakufutika. Kile kipande cha kitambaa chenye maandishi kilikuwa kimetolewa, kwenye khanga zote mbili, kimeacha kitundu kirefu chembamba. Panya hatafuni hivyo, na mkasi wa fundi lazima upinde mahali. Ule mkato ulikuwa umenyooka kama mstari wa kompyuta. Nilijua nani ameukata, kwa sababu sauti ya kuchanika niliisikia ofisini, nyuma yangu.

Mwanahawa akapiga kelele kwamba wameibiwa. Mimi nikatoka nje. Nilihitaji hewa, nilihitaji jua.

Na Bi Zuhura alikuwa amekaa juu ya kigoda.

Palepale, ukutani, hatua tatu kutoka kwangu. Ilikuwa saa kumi, watoto wanapita na ndoo za maji, muuza kahawa anagonga vikombe vyake uchochoroni. Hakuna aliyegeuka kumtazama isipokuwa mimi. Uso ni uleule niliosifiwa nao. Akafungua mdomo kuniambia jambo, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Midomo inakwenda, shingo inakaza, kimya. Khanga yake ya kiunoni ilikuwa na ule mpasuo mrefu, na kupitia mpasuo nikauona ukuta.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nami nakujibu kwamba miguu ilitaka sana. Lakini kulikuwa na kitu kilichonizidi nguvu kuliko woga, nacho ni aibu. Niliaibika, jamani. Mtu amekusanya nguvu za kutoka huko aliko, amekupa neno moja tu umfikishie mwanawe, amekusihi usimwache hata kidogo, na wewe umemkata ili mtu mmoja wa kiwanda cha samaki akusifu.

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi la Vingunguti na sketi yangu ya ofisini.

"Bibi, niwie radhi," nikasema. "Nilikukata. Sikukusoma, nikakukata. Sina cha kujitetea."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi nilinyweshwa adabu siku ile kwa macho tu. Halafu akaishika khanga kwa mikono miwili kama mara ya kwanza, akaitandaza juu ya magoti, akanyoosha shingo kidogo kuelekea kwenye kamera iliyokuwa inaning'inia shingoni mwangu. Juu ya magoti yake mimi sikuona maandishi yoyote. Niliona ule mpasuo na ukuta.

Nikampiga. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagota ukuta wa nyumba ya pili, ili nisiache kitu. Niliingiza mfereji, kamba ya nguo, ndoo, miguu ya mtoto aliyekuwa anapita, na mbuzi. Nikabonyeza mara moja tu. Nilipoinua macho kulikuwa na ukuta mtupu. Kigoda nacho hakipo. Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni ananishangaa nimepigia nani magoti.

Nikatazama kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Ukuta, mfereji, ndoo, mbuzi. Hakuna bibi.

Nilikwenda Ubungo moja kwa moja, ufunguo wa ofisi ninao. Nikaipandisha ile picha kama ilivyo, sikugusa hata pembe. Nikamwandikia Sefu maneno machache. Nikamwambia mama yake amefariki, kwamba nilimpiga picha baada ya kufa kwake na naapa sikujua, kwamba khanga alimnunulia yeye na maneno yake nimeyapoteza mimi. Nikamwambia leo amekaa tena, nimempiga nzima, lakini mimi naona ukuta tu. Itazame wewe.

Kisha nikangoja. Jumapili nzima baraza lilinicheka. Picha gani hii? Ukuta na mbuzi? Mama mmoja mwalimu akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Sikumjibu mtu, na mimi kwa kawaida siachi deni la maneno.

Jumatatu, siku ambayo Vingunguti wanasoma hitima ya arobaini, Jicho Kali akaandika. Ninakueleza kama nilivyoyasoma.

"Picha yako ni mbovu kuliko zote ulizowahi kuleta. Haina mtu, imejaa takataka, na ningekwambia ukate nusu. Lakini mwenzangu amekaa mbele ya kompyuta yangu tangu mapumziko ya asubuhi. Anafuata kitu kwa kidole kwenye kioo, kutoka kushoto kwenda kulia, anarudia tena. Mimi pale ninaona ukuta. Amelia, halafu amecheka, sijawahi kumsikia akicheka. Sasa hivi amekwenda kumwomba msimamizi likizo ya kuja nyumbani."

Chini yake Sefu aliandika neno moja: "Nimesoma."

Alikuja baada ya miezi mitano. Mwanahawa ndiye aliyempokea, na nasikia alianza kwa kumzaba kofi, ndipo akamkumbatia. Walikwenda makaburini pamoja. Siku ya tatu alinifuata ofisini kunishukuru, mwanamume mrefu, mpole, koti lake la baridi mkononi na joto lote lile. Nikamkaribisha soda. Tulipomaliza kusalimiana sikuweza kujizuia, unanijua sasa.

"Braza, yalisemaje yale maneno?"

Alinitazama, akatabasamu, machozi yakamlenga.

"Dada'angu, kwa mengine yote nitakujibu," akasema. "Lakini yale aliniandikia mie."

Basi. Mpaka leo sijui, na sitakuficha, inaniuma. Kuna siku nikipita maduka ya khanga najikuta nasoma moja baada ya nyingine nikitafuta ile, wauzaji wananijua, wanadhani nina mgomvi. Usekretari niliuacha zamani. Sasa napiga picha za harusi na vipaimara, na nina kazi nyingi kuliko vijana wenye kamera za bei mbaya. Watanikosoa kwamba picha zangu zina ndoo pembeni, zina shangazi aliyesinzia, zina nusu ya mtu asiyealikwa. Waache wakosoe. Simkati mtu. Bi harusi mmoja alinililia nimwondoe mama mkwe kwenye picha, nikamrudishia malipo yake yote na kumwambia atafute mwingine.

Na wewe unayesikiliza, na hiyo simu yako yenye mkato wa kidole kimoja, usiniambie ni mambo ya zamani. Wafu hawajui zamani. Watakuja kwako wakiona kwamba picha zako zinafika mbali. Basi kabla hujamkata mtu pembeni ya picha, mtazame ameshika nini, na kama kimeandikwa, kisome. Pengine hakikuhusu wewe. Lakini kuna mtu mahali fulani anakingoja, na ukishakikata, mwenye kukirudisha si wewe.